Kompaila Haina Wajina

Watu wawili wenye jina moja wakikutana huitana wajina. Watu wa Pwani husema somo. Wanacheka, wanapeana mikono, maisha yanaendelea. Mtaa wenye akina Juma wawili hupata Juma Mrefu na Juma Fundi. Hakuna anayeamriwa akabadili jina.

Kompaila haina utu huo. Kazi yake ni kusoma maandishi ya mwandishi wa programu na kuyageuza kuwa maelekezo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Lugha nyingi za programu zina maneno zilizoyatenga kwa matumizi yake, kama if na while. Siku lugha inapotenga neno jipya, aliyekuwa amelitumia kuita kitu chake anageuka mkosaji. Programu iliyokubaliwa jana inakataliwa leo, bila herufi hata moja kubadilika.

Ndiyo maana nawatetea watu wanaochekwa: wale waliochagua co_await, co_yield na co_return. Maneno haya yaliingia katika lugha ya C++ kwa toleo la 2020, pamoja na kipengele kinachoruhusu kazi isimame katikati, ipishe nyingine, kisha iendelee pale ilipoishia. Lugha nyingine zina await na yield, maneno mafupi na laini. C++ ikabandika co_ mbele, kama kiraka kwenye suruali mpya.

Kiraka kile ni heshima. Neno yield kwa Kiingereza ni mavuno ya shamba, tena ni faida ya uwekezaji. Programu za kilimo na za fedha zilikuwa zikilitumia zamani. Sisi tunaoandika mavuno tuko salama; hakuna kamati inayolimezea mate neno letu. Lakini mwenye programu ya zamani, ambaye fundi wake amestaafu na hana fedha za kumwita mwingine, angeamka akute mlango umebadilishwa kufuli. Na kwa nini? Kwa sababu wageni walitaka neno linalopendeza.

Mtu atasema wenye programu wapewe tangazo mapema, wajipange. Python ilifanya hivyo. Tangu toleo la 2015 ilijulikana kwamba async na await yangetengwa kabisa, na mwaka 2018, katika Python 3.7, yakatengwa. Bado maktaba za programu zilizokuwa na kitu kilichoitwa async zilivunjika, na wasiowahi kulisikia tangazo wakalipa pamoja na waliolisikia. Tangazo si ridhaa. Hata anayevunjiwa kibanda huwa amebandikiwa karatasi ukutani.

Wapo wanaokwepa kwa njia nyingine: wanalitwika neno la zamani mzigo mpya. Tazama static. Katika lugha ya C, ndani ya kazi neno hilo huipa thamani uwezo wa kubaki hai baada ya kazi kwisha. Nje ya kazi, hulificha jina lisionekane na mafaili mengine. C++ ikaongeza maana ya tatu: kitu cha kundi zima, si cha mmoja mmoja. Hakuna aliyevunjiwa kitu, ni kweli, ila kila mwanafunzi analipa kodi ya mkanganyiko, kizazi baada ya kizazi.

Pingamizi lenye uzito ni hili: jina baya hudumu, na watakaolisoma kesho ni wengi kuliko wanaolalamika leo. Nakubali ni wengi. Lakini ubaya wa jina huzoeleka. Kishikwambi lilikuwa neno geni masikioni mwa wengi. Makarani wa sensa ya 2022 nchini Tanzania wakapita na vishikwambi nyumba kwa nyumba, na leo ni neno tu. Anayejifunza co_yield hushangaa mara moja, kisha anaendelea na kazi.

Isitoshe, uzuri unaweza kusubiri. Mwaka 1999 watu wengi wa C walikuwa wamekwisha kujitengenezea bool yao. Kamati ikachukua _Bool, jina la kutisha lakini lisilo na mwenyewe, na aliyetaka bool aliipata kwa kuongeza mstari mmoja. Ni toleo la C23 tu lililoifanya bool kuwa neno kamili la lugha. Ilichukua zaidi ya miaka 20.

Na kompaila inafundishika. Java ilipoleta var mwaka 2018, iliruhusu thamani iliyoitwa var iendelee kuitwa hivyo. Python ilipoleta match mwaka 2021, neno likapewa maana mpya pale tu muktadha unapolitaka. Kwingineko ni la mwenyewe. Ni kazi ngumu zaidi kwa wajenzi wa lugha, na ni haki iwe ngumu kwao, kwani wao ndio wanaoongeza kitu.

Basi ukialikwa kwenye meza ya kuchagua jina, anza kwa kuuliza nani tayari anaitwa hivyo. Akiwepo, mfundishe kompaila uwajina. Ukishindwa, beba jina baya, uvumilie kuchekwa.