Pamba Isiyolimwa Kyela

Mkulima wa Kyela analima mpunga, kakao, michikichi na migomba, lakini halimi pamba. Kwa miongo mingi serikali imezuia zao hilo Nyanda za Juu Kusini kwa sababu ya funza mwekundu, anayezisumbua nchi jirani za kusini. Mdudu huyu hutoboa tumba la pamba na kujichimbia ndani, ambako dawa ya kunyunyizia haimfikii kirahisi. Mashamba yetu yaliachwa bila pamba ili asipate njia ya kupandia hadi Kanda ya Ziwa, inakolimwa karibu pamba yote ya taifa.

Hilo ndilo fungu letu katika pamba safi ya Tanzania, na halitajwi. Huko Meatu, katika Kanda ya Ziwa, mradi wa bioRe umekuwa ukisimamia pamba ya kilimo hai tangu 1994: samadi badala ya mbolea ya viwandani, mazao ya kupokezana, wadudu kudhibitiwa bila sumu za viwandani. Mkulima wa huko ana adui mmoja pungufu kwa sababu mwenzake wa kusini amezuiwa kulima.

Toleo hili linahusu mashuka, foronya, mapazia na vitambaa vya makochi. Hoja yetu ni kwamba usafi wa kitambaa usipimwe shambani peke yake. Wakulima wa kakao wa Kyela wanalielewa hili bila kufundishwa: mbegu iliyokuzwa vizuri huharibikia kwenye kuvundikwa na kuanikwa. Pamba nayo, ikishatoka kinuni, inasokotwa, inafumwa, inapaushwa na kutiwa rangi. Hatua hizo za mwisho hunywa maji mengi na kuyarudisha yakiwa na kemikali. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, GOTS, hakiridhiki na asilimia 70 ya nyuzi za kilimo hai, ambayo ndiyo kima cha chini. Kinakagua pia rangi zilizotumika na maji taka ya kiwanda.

Kwetu sisi jambo hili ni zito kuliko kwingine. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inamwaga maji yake Ziwa Nyasa, na ziwa lina mto mmoja tu wa kutokea, Shire, mbali kabisa upande wa kusini. Kinachoingia huku kaskazini hakiondoki upesi. Humo wanaishi mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani, na humo zinapata kitoweo kaya za Matema hadi Itungi.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inauzwa nje ikiwa ghafi. Isokotwe na kufumwa nchini, lakini pasijengwe kiwanda cha kutia rangi pasipo mtambo wa kusafisha maji yake, iwe kando ya Nyasa au ziwa lolote. Pili, wenye nyumba za wageni ufukweni na mafundi cherehani wa mjini Kyela, wanaonunua vitambaa kwa majora, wamuulize muuzaji kitambaa kilitiwa rangi wapi, na maji yake yalikwenda wapi. Mnunuzi wa kakao huuliza maswali ya namna hiyo kabla ya kulipa, na mkulima wetu humjibu. Nasi tunaponunua pazia tuna haki ya kujibiwa.