Tuige Wakorea kulinda ngozi, si kuibabua

WAHENGA walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ilinijia majuzi jioni nilipokuwa nimesimama kituo cha matatu cha Utange, huku Kisauni, nikimsikiliza kijana mmoja aliyepanga vichupa na mikebe juu ya meza na kuwaita kina dada waliokuwa wakishuka kutoka kazini. "Hii si mkorogo, dada," alikuwa akisema. "Hii ni Korea!"

Na kina dada walikuwa wakisimama. Mmoja alinunua, wa pili akaomba apunguziwe.

Kwa miaka mingi tukisikia neno Korea tulifikiria televisheni na magari. Siku hizi vijana wetu hutazama michezo ya kuigiza ya Kikorea kwenye simu hadi usiku wa manane, na wanapozima simu hubaki wakiitamani ile ngozi nyororo, inayong'aa kama kioo. Si wao peke yao. Nchini India, ambako krimu ya kuwa mweupe iitwayo Fair & Lovely ilianza kuuzwa mwaka wa 1975, vijana wengi sasa wamegeukia vipodozi vya Kikorea. Krimu yenyewe ililazimika mwaka wa 2020 kuacha kujiita ya weupe, ikawa Glow & Lovely. Mwaka wa 2024 Korea Kusini iliuza nje vipodozi vya zaidi ya dola bilioni 10 za Marekani. Huo si mchezo tena, ni uchumi.

Mimi sina ugomvi na Wakorea. Ukitazama vizuri wanachofanya, utaona kwamba msingi wake ni akili ya kawaida. Huosha uso kwa sabuni isiyochoma, hupaka kitu cha kutunza unyevu, na asubuhi humalizia kwa krimu ya kukinga jua. Nyingine ni mapambo tu. Hata ule ute wa konokono ambao watu wa huku Pwani huuliza kama ni halali au la, kazi yake kubwa ni kuizuia ngozi isikauke. Suala la uhalali tuwaachie mashekhe.

Tena jambo hili si geni kwetu. Bibi zetu walikuwa na liwa na singo, na bibi harusi hakutolewa ndani kabla ya somo wake kumsugua kwa siku kadhaa. Wakimbizi Wasomali waliopewa hifadhi katika kambi ya hapa hapa Utange mapema miaka ya tisini ni watu ambao wanawake wao huosha uso kwa unga wa majani ya qasil. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba tumefundishwa na seoul kuosha uso.

Lakini ipo tofauti kubwa, na hapo ndipo nilipo na neno. Mkorea hupaka vitu vile ili ailinde ngozi aliyonayo. Sisi twanunua kichupa chake ili tuivue ngozi tuliyonayo. Krimu ya kukinga jua, ambayo ndiyo yenye faida iliyothibitishwa, haitakikani pale kituoni. Kinachotakikana ni mkebe unaoahidi weupe kwa siku saba.

Nitakupa mfano, msomaji, wa binti wa jirani yangu. Binti huyu hukaanga viazi karai kando ya barabara, na ndiye anayewalipia wadogo zake karo. Alikuwa na madoa ya chunusi mashavuni, akaambiwa na muuzaji maneno yale yale kwamba hii si mkorogo. Alitoa Sh600. Wiki ya pili uso uling'aa, majirani wakamsifu, naye akanunua mkebe mwingine. Mwezi wa tatu pesa zilipungua akaacha kupaka. Hapo ndipo uso ulipomwaka. Uliwasha, ukavimba, ukatoka vipele, na vishipa vyekundu vikaonekana kama nyuzi chini ya ngozi. Lililomliza zaidi si sura. Hakuweza tena kusimama mbele ya karai, kwa sababu joto la moto lilimchoma usoni kama pilipili. Kwa wiki sita hakukaanga hata kiazi kimoja.

Muuguzi aliyemhudumia aliomba kuuona mkebe. Ulikuwa na picha ya msichana wa Kikorea na maandishi ambayo hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Hapakuwa na orodha ya viungo, tarehe, wala jina la aliyeutengeneza.

Dalili zile zafahamika vizuri na madaktari wa ngozi. Ni za mtu aliyepaka dawa kali ya steroidi bila kujua, kama vile clobetasol au betamethasone. Hizi ni dawa halali za kutibu magonjwa ya ngozi, lakini ni za kuandikiwa na daktari na kutumika kwa muda mfupi. Zikipakwa usoni kila siku huifanya ngozi kuwa nyembamba, huchelewesha kupona kwa vidonda, na mtu akiziacha ghafla ngozi hulipuka. Akizidisha mwili mzima, zaweza kupanda hadi kuvuruga sukari na shinikizo la damu.

Wenzake wawili si bora. Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu juani yaweza kuleta mabaka ya rangi ya buluu iliyoiva, ambayo huwa vigumu mno kuyatoa. Zebaki nayo hupenya ndani, huharibu mafigo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Kule Korea Kusini kwenyewe, haidrokwinoni na zebaki haviruhusiwi kutiwa katika vipodozi. Haidrokwinoni huko ni dawa, si kipodozi. Basi mkebe unaokufanya mweupe kwa wiki moja, hata ukiandikwa Korea pande zote nne, ujue Korea haujaiona. Ni ule ule mkorogo wa miaka yote, umevalishwa kanzu mpya.

Wapo watakaosema mtu ana uhuru na mwili wake. Nakubali. Lakini uhuru ni wa mtu anayejua anachokinunua, na yule binti hakujua. Alitaka kuondoa madoa, hakutaka weupe, wala hakuuziwa alichokitaka.

Na dawa ya madoa yale haikuwa ngumu. Chunusi ikipona kwenye ngozi nyeusi huacha doa, na jua hulikoleza doa hilo lisiondoke upesi. Sisi twakaa karibu mno na Ikweta, jua letu halina msimu wa kupumzika. Ni kweli kwamba weusi wetu watukinga sana na saratani ya ngozi, lakini hauzuii madoa. Krimu ya kukinga jua, yenye nambari 30 au zaidi, pamoja na subira ya miezi kadhaa, ingemfaa kuliko mikebe ile miwili. Kwa ndugu zetu wenye ualbino si suala la urembo hata kidogo. Kwao krimu hiyo ni uhai, na ndiyo maana Serikali ilianzisha mpango wa kuwagawia bure. Inasikitisha kuona kwamba kitu kinachookoa maisha kinadharauliwa mezani, na kinachobabua ndicho kinachogombewa.

Tufanye nini basi? Kwanza, usinunue kipodozi kisicho na orodha ya viungo katika lugha unayoisoma. Ukiona mercury, calomel au herufi Hg, kirudishe. Shirika la Afya Duniani (WHO) limetahadharisha pia kwamba maagizo ya kutokigusisha kipodozi na dhahabu, fedha au aluminiamu yaweza kuwa dalili ya zebaki.

Pili, tafuta stika ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na usiridhike kuiona tu. Tuma nambari yake kwa ujumbe mfupi kwa 20023 ujue kama ni ya kweli. Tatu, ukiwa tayari umekuwa ukipaka krimu kali kwa miezi, usiiache ghafla peke yako. Nenda na mkebe wako hospitalini, wala usione haya. Muuguzi hawezi kutibu asichokijua.

Kwa upande wa Serikali, sheria tunazo. Ni zaidi ya miaka 20 tangu Kenya ilipopiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mwaka wa 2023 mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata yalikubaliana kwamba kufikia 2025 kusiwe na kipodozi chochote chenye zebaki. Hata hivyo, misako hufanywa madukani mjini kwa wiki moja, picha zikapigwa, na meza za vituoni zikaachwa. Maafisa wa KEBS na wa Bodi ya Famasi na Sumu waje Utange, Mtopanga na Kongowea jioni, saa ambazo mikebe huuzwa. Tena wasimkamate kijana wa mezani pekee. Wamuulize aliipata wapi, wamfuate huyo hadi bandarini.

Na kwa wazazi na walimu, nina ombi moja. Msichana asiyesikia nyumbani kwamba rangi yake ni nzuri ataenda kuyanunua maneno hayo kituoni, na bei yake ni ghali kuliko Sh600.

Yule binti amerudi kwenye karai lake. Hukaanga akiwa amefunga leso usoni, kwa maana joto bado lamsumbua. Nilipompitia juzi kununua viazi, kijana wa mezani alikuwa ng'ambo ya barabara akiita vilevile. Binti alimtazama, kisha akamwita msichana wa shule aliyekuwa akielekea kule, akaifungua ile leso na kumwonyesha uso wake. Msichana hakuvuka barabara.