Siti ya Mbele Isilipwe na Advansi ya Mteja



Kila msimu wa kwenda Guangzhou ukikaribia, inbox yangu inajaa swali moja: "Dada, unafanyaje mpaka unakaa bizinesi?" Wanauliza kwa sababu ya picha moja niliyoiweka stetasi, nimejinyoosha kwenye siti ya mbele na glasi ya juisi mkononi. Leo nalijibu kwa ukweli, maana ile picha ilinigharimu na gharama yenyewe hamkuiona.

Ilikuwa safari yangu ya pili ya China. Nilikata tiketi ya Dar mpaka Guangzhou kupitia Addis Ababa. Kipande cha kwanza ni kama masaa matatu tu, unakula kidogo, unafika. Kipande cha pili ndo chenyewe: masaa kumi hivi, usiku, umekaa wima, magoti yanagusa siti ya mwenzio. Na ukitua, saa zao ziko mbele yetu kwa masaa matano, kwa hiyo mwili unadai usingizi wakati soko liko wazi.

Siku chache kabla ya safari ikaingia emaili: daraja la biashara lina nafasi, tupia dau lako. Unaandika kiasi unachoweza kuongeza, wakikubali wanakata kwenye kadi, wakikataa unabaki na siti yako ya kawaida. Nikatupia dola 420. Wakakubali.

Sasa sikilizeni. Kwenye ile kadi kulikuwa na hela ya mzigo, na sehemu kubwa ya hela ya mzigo ilikuwa advansi. Wateja 27 walikuwa wameona picha za pochi, wakachagua, wakanitumia nusu bei. Nikajiambia, "hii nitairudishia kwenye faida." Jamani, hayo maneno yamefunga maduka ya watu wengi.

Nililala vizuri, siwadanganyi. Nikaamka sina hata uvivu. Nikaenda soko la mikoba la Baiyun, upande wa Sanyuanli, nikazunguka, nikanunua vya kununua. Mwisho nikafika kwenye pochi za satini, ambazo mama mmoja wa Mbagala aliagiza kumi na mbili kwa ajili ya kamati ya sendofu ya mwanae. Muuzaji akaniambia za rangi ile anauza kuanzia dazeni tano. Nilichobaki nacho kilitosha dazeni tatu. Nikabembeleza, nikapiga kalkuleta, nikatoka nikarudi. Hakukubali. Nikasimama pale kwenye korido napiga hesabu: pochi moja yuani 35, dola 420 ni zaidi ya pochi 80 bila kuhesabu kago. Nilikuwa nimezilalia.

Niliporudi nikampigia yule mama. "Shikamoo mama, ule mzigo wako sikuupata, nakurudishia hela yako leo." Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniambia mapema ningetafuta kwingine." Sendofu ilikuwa imebaki siku nne. Hela nilimrudishia yote, ila hajaagiza kwangu tena, na sithubutu kumlaumu.

Kingine, ile picha niliyodhani itanipa heshima ilileta jambo ambalo sikulitegemea. Wateja walianza kuniambia, "Wewe unayelala kwenye ndege, punguza bei bwana." Na hawakukosea. Mteja akiona raha yako, anajua ni yeye anayeilipia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: siti ya mbele sio dhambi, ila isilipwe na advansi ya mteja wala mtaji. Ilipwe na maili ulizokusanya, au na faida ambayo umeshaitoa pembeni ikawa yako. Kama huna hivyo viwili, omba bahati ya bure, ukiikosa kaa nyuma na uwe na amani.

Najua kuna wakubwa wa Kariakoo watakaosema, "Ukifika umechoka unanunua vibaya." Ni kweli, mtu mwenye usingizi anakubali bei ya kwanza na hakagui zipu. Ila dawa ya uchovu ni kulala, na kitanda cha hoteli ya kawaida kule Xiaobei kwa usiku mmoja hakifiki hata karibu ya dola 420. Tua, oga, lala, uingie sokoni kesho yake. Mimi sasa hivi ndo ninavyofanya.

Sasa tuje kwenye namna mtu anavyopandishwa daraja, maana kuna uongo mwingi unazunguka.

Uongo wa kwanza ni suti. Hakuna anayekupandisha kwa sababu umependeza. Mashirika mengi huuza tiketi nyingi kuliko siti, wakijua kuna watu hawatatokea. Siku wote wakitokea na nyuma kukajaa, huku mbele kuna nafasi, inabidi baadhi wasogezwe mbele. Hapo kompyuta inaangalia nani ana kadi ya uanachama ya ngazi ya juu na nani amelipa nauli kubwa. Ukiwa unasafiri peke yako unawarahisishia kazi zaidi kuliko mkiwa kundi la watu watano mnaotaka kukaa pamoja. Vaa nadhifu kwa heshima yako mwenyewe, ila usitegemee koti.

Uongo wa pili ni kumwomba mhudumu ndani ya ndege. Yeye kwa kawaida hana uwezo huo. Mambo yote yanaisha kwenye kaunta na kwenye geti. Uliza hapo, kwa upole na mara moja tu: "Kama kuna nafasi ya kupandishwa, au bei ya kuongezea leo, naomba unijulishe." Kuna siku bei ya kaunta inakuwa chini ya ulivyodhani, kuna siku jibu ni hapana. Sema asante, songa mbele.

Kitu cha tatu ni herufi kwenye tiketi. Kila tiketi ina herufi inayoonyesha daraja la nauli. Y kwa kawaida ni nauli kamili ya siti za kawaida. Tiketi za bei ya chini kabisa zina herufi zake, na nyingi zinakupa maili chache au haziruhusu kabisa kupandishwa kwa maili. Kabla wakala hajakata tiketi, muulize: "Hii inaingiza maili? Inaruhusu kupandishwa?" Asipojua, aulize kwa shirika.

Cha nne ni dau. Ukiamua kutupia, tupia kipande kirefu tu. Kulipia raha ya Dar mpaka Addis ni kumwaga hela, hata usingizi haujakolea mnatua. Soma masharti yote, kwa sababu dau likishakubaliwa kwa kawaida hela hairudi, na mashirika mengine yanakuachia kilo zilezile za tiketi yako ya mwanzo. Kumbuka pia, vipindi vya maonyesho makubwa ya Guangzhou, yale ya Aprili na Mei halafu Oktoba na Novemba, ndege zinajaa mpaka mbele. Dau dogo kipindi hicho matumaini yake ni madogo.

Cha tano ndo kikubwa kwetu sisi. Jiandikishe kwenye mpango wa maili wa shirika unalotumia. Ni bure. Ethiopian wana ShebaMiles, Kenya Airways wana Asante, Qatar wana Privilege Club, Emirates wana Skywards. Nakutana na watu wanaokwenda China mara tatu nne kwa mwaka hawana hata namba. Tiketi inakatwa na wakala, namba haijawekwa, maili zinapotea hivihivi. Mpe wakala namba yako kila mara, na pasi ya kupandia ndege usiitupe mpaka uone maili zimeingia. Zisipoingia unaweza kuzidai, ila kuna muda wa mwisho.

Halafu usitawanye. Mtu leo anaruka na huyu, kesho na yule kwa sababu ya tofauti ya dola ishirini, mwisho ana vimaili kidogo kwenye akaunti tano na hakuna inayofika popote. Chagua umoja mmoja. Ethiopian na Turkish wote wako Star Alliance, kwa hiyo safari za Turkish nazo zinaweza kuingia kwenye akaunti yako ya ShebaMiles, ilimradi aina ya tiketi inaruhusu.

Kwa nini nasema hiki ndo kikubwa? Fikirieni safari zetu zilivyo. Tunaenda na begi tupu, tunarudi na begi linalopasuka. Mimi nililipia raha na kilo wakati wa kwenda, begi langu lina nguo tatu na chaja. Wakati wa kurudi, nina mabegi ya sampuli na oda za haraka, nilikuwa abiria wa kawaida ninayetoa vitu begini na kuvivaa mbele ya kaunta. Ukifika ngazi ya dhahabu ya Star Alliance, unaongezewa kilo 20 kama shirika linapima kwa uzito, au begi moja zaidi kama wanahesabu mabegi. Unapata foleni fupi na sehemu ya kupumzikia ukiwa tranziti. Hiyo kadi haikupi siti ya mbele kila safari, ila kila safari inakubebea mzigo, na siku ndege ikijaa wewe ni miongoni mwa wa kwanza kufikiriwa kusogezwa.

Kwa anayeanza na hana maili hata moja: wahi kuchagua siti mara tu chekini ya mtandaoni inapofunguliwa, mara nyingi masaa 24 kabla. Ndege isipojaa, muulize wa kaunta kama kuna mstari wenye siti tupu. Nimewahi kulala kwenye siti tatu za kati kutoka Addis, shingo kwenye koti langu, bila kulipa senti. Haikuwa na picha ya kupost, ila niliingia sokoni na mtaji wote.

Siku hizi hela zangu ziko sehemu tatu: advansi za wateja kwenye laini yake, mtaji kwenye akaunti, na faida yangu kwenye kadi ya matumizi. Emaili ya dau ikija, naangalia ile ya tatu tu. Mara ya mwisho ilikuwa na dola 60. Nikafunga emaili, nikaenda kupanga begi.

Wewe unayejiandaa kusafiri mwezi huu, fungua kadi yako sasa hivi uangalie: iliyomo ni ya nani? Halafu niandikieni hapo chini, nani ameshapandishwa daraja bila kuongeza hela, na ilikuwaje.