Mshahara wa Karani



Akina mama wa kigango kimoja wametuletea swali. Wageni kutoka ng'ambo walipita kwao, wakapendezwa na chama chao cha kuweka akiba, wakasema: "Andikeni mnachohitaji, nasi tutaona." Karibu wote wanataka mashine ya kusaga mahindi. Katibu wao peke yake anataka waombe fedha za kumfundisha mweka hazina kazi ya hesabu, na za kumlipa mtu atakayewakagulia vitabu kwa miaka mitatu. Wenzake wamemcheka. Wanatuuliza, nani ana haki?

Sisi twasema katibu ana haki.

Mashine ya kusaga ikifika kijijini, ngoma hupigwa. Hakuna apigaye ngoma kwa ajili ya daftari la hesabu. Lakini mwezi wa saba mkanda hukatika, fundi anataka fedha yake, na hapo ndipo watu huanza kuulizana: fedha za kusagia ziko wapi? Mmoja asema zilinunua dizeli, mwingine asema mwenyekiti alikopa. Hakuna aliyeandika. Basi maneno huwa mengi, wanachama hutawanyika, na mashine hubaki kibandani hata kuku wakataga chini yake. Nani kati yetu hajaiona mashine ya namna hiyo? Aliyeitoa hakuwa na roho mbaya. Alinunua chuma, akasahau watu watakaokitunza.

Hebu tuwaeleze habari ya mfanyabiashara mmoja wa Marekani, jina lake Edward Filene, mwenye duka kubwa mjini Boston. Mwaka 1907 alisafiri kuzunguka dunia, na huko India aliona vyama vya wakulima vya kukopeshana vijijini. Aliporudi kwao alikuta wafanyakazi wanaumizwa na wakopeshaji wenye riba kali. Alikuwa na mali nyingi. Angeweza kuwakopesha yeye mwenyewe, au kugawa sadaka mlangoni kwake, na magazeti yangemsifu sana.

Hakufanya hivyo. Mwaka 1909, jimbo lake la Massachusetts lilipata sheria ya vyama vya akiba na mikopo, naye alikuwa mmoja wa waliosaidia. Kisha, mwaka 1921, alifungua ofisi ndogo akampa mwanasheria Roy Bergengren aiendeshe. Kazi yake ilikuwa ya namna nne: kutafuta sheria katika kila jimbo, kuanzisha vyama vya kwanza viwe mfano, kuviunganisha vyama katika kila jimbo, na mwisho kuunda umoja wa taifa zima utakaojilipia wenyewe. Angalieni hilo la mwisho. Tangu siku ya kwanza mtoaji alikuwa ameandika namna atakavyoondoka. Mwaka 1934 umoja huo uliundwa, na vyama vikaanza kuulipia kwa ada zao. Filene alikuwa ametumia karibu dola milioni moja. Fedha hizo zililipa mishahara, nauli, stempu na karatasi. Zilizokopeshwa vyamani zilikuwa akiba za wanachama wenyewe.

Wala mbegu hiyo haikuwa ya matajiri. Sheria ile ya 1909 ilisaidiwa pia na Mkatoliki wa Quebec, Kanada, Alphonse Desjardins, mwandishi wa hati mkato katika Bunge la nchi yake. Alianzisha chama cha akiba mjini Lévis mwaka 1900. Mtu wa kwanza aliweka senti 10, na siku ya kwanza ya kupokea fedha walipata dola 26 na senti 40 tu. Yeye alipokuwa kazini Ottawa, aliyeshika vitabu nyumbani alikuwa mkewe, Dorimène, bila mshahara, na watoto wakimzunguka. Akina mama mtusikie hapo! Chama hicho kilienea parokia kwa parokia. Hizi SACCOS zetu za leo ni za ukoo huohuo.

Siku hizi wako wafadhili wanaofuata njia kama ile ya Filene. Hutoa fedha kama mfanyabiashara atiavyo mtaji: hukichagua chama kimoja, hukaa nacho miaka kadhaa, hulipia kazi ya ndani ya chama chenyewe, yaani viongozi, hesabu na mafunzo, kisha hutaka kuona matunda. John D. Rockefeller wa tatu alilitaja jambo hili mwaka 1969. Mwaka 1997, Christine Letts na wenzake wawili waliandika katika jarida la Chuo Kikuu cha Harvard kwamba mashirika ya kutoa misaada hulipia miradi, lakini chama kinachoiendesha huachwa na njaa. Maneno hayo yaliandikiwa Wamarekani, lakini mtu wa kigango chochote angeweza kuwaambia vilevile.

Ila tusiwe watoto. Mgeni anayekaa karibu miaka mitano huweza kugeuka bwana. Ataka kiti katika kamati, ataka hesabu kila mwezi kwa namna aipendayo yeye, na akina mama huanza kufanya kazi ya kumpendeza. Tena si kila tunda hupimika. Utahesabu mikopo iliyorudishwa, lakini mjane aliyeacha kuogopa kusema mkutanoni utamwandika safu gani? Kwa hiyo mkubaliane mapema: mgeni afundishe na kukagua, lakini kura ni ya wanachama, na ufunguo wa sanduku haushiki yeye.

Basi, akina mama, katika barua yenu ombeni kwanza mwalimu wa hesabu, naye asimfundishe mweka hazina peke yake. Afundishe watu watatu, maana mmoja ataolewa mbali na mwingine ataugua. Ombeni ukaguzi wa miaka mitatu: mwaka wa kwanza mfadhili alipe wote, wa pili mlipe nusu, wa tatu mlipe ninyi. Mashine iombeni baada ya mwaka mmoja, vitabu vikiwa safi, na hapo mwandike pia bei ya kusaga debe moja, na katika bei hiyo ni kiasi gani kitawekwa akiba ya mkanda na fundi. Mgeni akikasirika kwa sababu alitaka kupigwa picha na mashine, mwacheni aende zake kwa amani.

Na barua hiyo isitiwe sahihi na katibu peke yake. Isomwe mkutanoni kwa sauti, hata wasiojua kusoma waisikie, kisha kamati nzima itie sahihi au dole gumba.