Mshipa si aibu

Kuanzia Diani hadi Msambweni, wengi huyaita "mshipa" maradhi mawili yasiyo na udugu. Busha ni maji yajaayo katika mfuko wa korodani, na pwani hii mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Ngiri ni utumbo uliopenya palipolegea misuli ya kinena. Busha huweza kungoja miaka. Utumbo ukinaswa haungoji. Hunyongeka, hukosa damu, na kwa muda wa saa chache huanza kuoza. Uvimbe usiorudi ndani, maumivu makali na kutapika ni wito wa kukimbilia hospitali, si kilinge cha mganga.

Ngiri ikiwahiwa, daktari huurudisha utumbo na kuliziba pengo kwa mishono au wavu. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wavu wa bei nafuu, wa kitambaa cha chandarua, ulifaa sawa na ule ghali.

Enyi walimu, ifundisheni tofauti hii bila haya. Mwanafunzi ataifikisha kwa babaye. Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Mficha ngiri huenda asiishi.