Mchaichai Una Kazi Mbili, Wala Si Tatu

Msomaji, toka nje utazame nyuma ya jiko lako. Katika nyumba nyingi za pwani na za milimani liko shina moja la mchaichai, limeota karibu na mahali pa kumwaga maji. Mwenye nyumba hukata majani atakapo chai, kisha hulisahau. Kwa maoni yetu mmea huu hautendewi haki: upande mmoja wadharauliwa, na upande mwingine watwikwa mzigo usio wake.

Kazi yake ya kwanza ni ya kikombe, nayo yajulikana na wote. Majani yana mafuta yenye harufu ya limau, na harufu hiyo hutoka yakichemshwa. Siku ambayo nyumbani hakuna fedha ya majani ya chai, mchaichai hukupa kinywaji cha moto bila gharama.

Kazi ya pili ni kushika udongo. Bustani iliyo mtelemkoni hupoteza udongo wa juu kila masika, na huo ndio wenye rutuba. Safu ya mchaichai iliyopandwa kukingama mtelemko hupunguza mbio za maji, na udongo hutuama nyuma yake. Hatusemi kwamba yatosha kwa shamba kubwa la mlimani. Twasema juu ya bustani ya nyumbani.

Labda utauliza: majani ya kukinga udongo ni mengi, mbona mchaichai? Kumbuka bonde la Mlalo, huko Usambara. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuwalazimisha watu kulima matuta ya kuzuia maji. Kazi ilikuwa nzito, watu wakaichukia, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Fundisho ni hili: mtu hutunza kwa moyo kile kimfaacho leo. Safu ikupayo chai kila asubuhi hutaiacha ife.

Basi fanya hivi:

1. Usitafute mbegu. Chimbua shina la zamani, uligawanye, kila chipukizi liwe na mizizi yake. Punguza majani ya juu ili lisinyauke.

2. Panda mvua zianzapo, mahali penye jua, pasipotuama maji. Kwa chai tu, acha futi 2 kati ya shina na shina. Kwa kukinga udongo, futi 1 yatosha.

3. Palilia, tia samadi iliyooza, na umwagilie maji mpaka mizizi ishike.

4. Baada ya miezi 4 hata 6 anza kukata, ukiacha kama inchi 4 juu ya ardhi. Jihadhari, kwa kuwa kingo za majani hukata vidole.

5. Baada ya miaka 3 au 4, katikati ya shina pakikauka, ling'oe, uligawanye na kupanda upya.

Sasa twafika kwenye ule mzigo usio wake. Wako watu ambao mtoto akipata homa humchemshia mchaichai, kisha hungoja siku 2 au 3 waone kama atapona. Hapa hatuwezi kunyamaza. Kikombe kile humpa mgonjwa maji na faraja, wala hatukikatazi; lakini hakitibu malaria, nayo malaria yaweza kumwua mtoto mdogo upesi. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku ile ile, akapimwe damu. Tena usidanganyike kwamba shina lililopandwa chini ya dirisha litafukuza mbu. Harufu imefungwa ndani ya majani, na mbu atapita juu yake. Kinga yako usiku ni chandarua.

Mmea ukipewa kazi usiyoiweza, lawama huwa juu ya aliyeupa. Upe mchaichai kazi zake mbili: chai mezani na udongo bustanini. Mvua zijazo zisikukute na shina lile lile moja nyuma ya jiko. Chukua jembe, uligawanye, upange safu yako. Na machipukizi yatakayobaki umpe jirani aliye chini ya mtelemko, maana maji yatokayo kwako ndiyo yapitayo kwake.