Roboti Itembee kwa Akili, Si kwa Betri

Jamani, tuache kushangilia nguvu tupu! ASIMO ya Honda ilipozinduliwa mwaka 2000, ilitembea huku mota zikiamrisha kila kiungo. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha njia nyingine: mguu unabembea wenyewe kama pendulamu, mota zinasukuma vifundo tu. Kwa uzito na umbali ule ule, roboti yao ilitumia nishati kama binadamu. ASIMO ilikadiriwa kutumia angalau mara 10 zaidi. Ndiyo, ya Cornell haikupanda ngazi. Lakini betri ikiisha, hata bingwa wa ngazi ni sanamu. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huo huo: programu ikiwa nzito, tunaongeza memori. Tuipunguze uzito kwanza! Au mwaonaje?